Magunia ya Devotha

Devotha wa kijiji cha Ukata alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ushirika wa kahawa ulipolegea na wanunuzi binafsi wakaanza kupandisha malori yao Mbinga, wengi wetu tulitoa macho tu. Yeye alikuja kwenye kikundi chetu cha wafanyabiashara wadogo akasema, "Shikamooni. Nifundisheni. Nataka kukusanya kahawa ya majirani niiuze kwa pamoja."

Tukamfundisha. Mzee Urbani, mpimaji wa zamani wa ushirika, alimwonyesha kuuma punje na kujua kama imekauka. Luisa wa duka la vitambaa alimfundisha kukataa bei bila kumvunjia mtu heshima. Mimi, Winifrida, nauza usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Lundo. Nilimpa magunia yangu sita niliyoyafua kwa sabuni, nikamwambia, "Anayeanza hanunui anachoweza kupewa." Nilijiona mwalimu kweli!

Siku ya kuuza, mnunuzi wa lori alifungua gunia la kwanza, akanusa, akacheka. "Dada, hii kahawa au kitoweo?" Akayakataa yote. Kahawa hunyonya harufu ya kila kitu inachokaa nacho. Pua yangu, baada ya miaka kumi ya usipa, haikuwa imenusa kitu.

Ile ilikuwa kahawa ya kaya tisa. Watu wa Ukata wakaja juu: msichana huyu asiguse tena kahawa ya mtu. Tukakutana uani kwa Luisa kuamua kama tutaendelea kumdhamini.

"Magunia uliyatoa wapi?" Mzee Urbani akauliza.

Devotha akatazama chini. "Niliyapata tu, babu. Kosa ni langu."

Hakunitupia hata jicho. Nami nikajishughulisha kukung'uta vumbi kwenye kanga yangu.

"Basi, mwanangu, msimu huu kaa pembeni kwanza," akasema Mzee Urbani.

"Sawa, babu." Akajitanda kanga yake, akaondoka.

Ndipo nikasimama. "Magunia yalikuwa yangu."

Mzee Urbani akanigeukia. "Mbona umesubiri aondoke?"

Kesho yake nilipanda Ukata na Mzee Urbani, nikaungama nyumba kwa nyumba, zote tisa. Saba zilikubali kumpa tena kahawa.

Devotha tunaye kikundini, na biashara yake inakwenda. Bado ananiamkia kwa heshima. Ushauri wangu anausikiliza mpaka mwisho, ananishukuru, kisha anakwenda kumuuliza Luisa.