Sahihi ya Mzee Evaristi

Marehemu alihudhuria kikao changu. Na akasaini.

Sitanii. Mzee Evaristi, mwenyekiti wa kamati ya zahanati yetu huku jirani na Makere, tulimzika tarehe tatu Mei. Nilikuwepo, na maharage ya msiba nilikula. Tarehe ishirini na moja tukakaa kikao cha robo mwaka, na mbele ya jina lake kuna sahihi. Ileile, yenye mkia mrefu.

Aliyeiona siyo mimi. Ni Bwana Longinus, mkaguzi kutoka halmashauri.

"Herieth, huyu alisaini akitokea wapi?"

Mkuu wa zahanati ni mimi, katibu wa kamati ni mimi, karatasi natunza mimi. Akanipa siku mbili. Nikikosa maelezo ya maana ataandika nimeghushi, na kazi ndiyo basi. Nimetoka Same mpaka huku, mama yangu hana mwingine wa kumtegemea.

Philomena, mhudumu wetu, aligoma kufagia chumba cha kikao. Akasema mzee amefuata kiti chake. Nikamcheka, halafu mchana kweupe nikajikuta nawachoma watu sindano kwenye korido, naogopa hata kuutazama ule mlango.

Siku ya pili nikatoa orodha za mahudhurio za miaka mitatu. Sahihi zote zilifanana.

Nikaenda kwa mjane wake, mama Yusta, nikijifanya nampa pole tena. Nikamwonyesha karatasi. Wala hakushtuka.

"Hiyo ni yangu, mwanangu. Mzee hakujua kuandika, akaona aibu. Tangu achaguliwe nasaini mimi."

Mama wee! Kila kikao mama alikuja na mumewe, akakaa pembeni, akamnong'oneza. Mimi muda huo nimeinama naandika muhtasari. Hata ile hoja ya tanki la maji la chumba cha kujifungulia, tuliyomsifia mzee kijiji kizima, ilikuwa ya mama huyu.

Nikamuuliza kwa nini alisaini baada ya mazishi.

"Nilikuja kama siku zote. Karatasi ikanifikia. Jina langu halikuwepo, lake lilikuwepo."

Orodha ile niliichapa mara moja, miaka yote naitoa kopi tu. Tumemzika mwenyekiti na sikufuta hata jina lake.

Kesho yake mama Yusta alimweleza Longinus mwenyewe, akasaini sahihi ileile mbele ya macho yake. Kazi ikapona. Barua ya onyo nilipata, na nilistahili. Uchaguzi wa mwenyekiti ulipoitishwa, mama akapita bila kupingwa.

Kikao chake cha kwanza aliomba orodha kabla ya yote. Akaisoma jina moja moja, taratibu, kisha akaniangalia.

"Nesi, hawa wote wazima?"

Nilicheka, lakini jasho lilinitoka. Wewe unayeongoza watu, mzimu siyo wa kuogopa. Ogopa yule uliyemkalisha pembeni miaka mitatu, anakufanyia kazi, na jina lake hujawahi kuliandika.