Nani Aliivua Beji ya Baba

Beji ya baba niliichukua mimi. Haikubebwa na panya, haikudondoka njiani, na jirani yetu Mzee Kibwana, aliyetwishwa lawama, hakuigusa. Nimelikana jambo hili tangu nikiwa darasa la nne. Nililikana hata nikiwa chuo kikuu, nikiandika insha ndefu juu ya uadilifu wa viongozi, na nikapata alama nzuri.

Wa rika langu mtakumbuka. Enzi zetu kijiji kilikuwa na shamba la pamoja na duka la pamoja, na kwetu Tindiga tulikuwa na bwawa la pamoja. Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita afisa wa uvuvi, alikuja kutoka Kilosa mjini na madebe ya vifaranga, akawataja kwa jina la Kizungu ambalo masikio yetu yalilipokea kama "kapu". Basi wakawa kapu, na wazee wakalitafutia jina sababu: si mnaona mdomo ulivyo mpana? Watoto tulipangiwa zamu ya kuwamwagia pumba. Kuvua kulikatazwa mpaka siku ya mavuno. "Mali ya umma haionjwi," alisema baba, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, na kila alipotaja umma aliniangalia mimi.

Shida yangu ilianza na ubishi. Kila mtu alijua kapu hula tope na pumba, hafukuzi kitu. Lakini siku moja, nikiosha sufuria ukingoni, kizibo cha soda kiliniponyoka, kikawa kinazama huku kikimetameta, na kapu mmoja mrefu kama mche wa sabuni akakifukuza. Nilipolisimulia hilo shuleni, Zuhura, binti Kibwana, rafiki yangu wa kuchangia kiazi, alinicheka mbele ya darasa zima.

"Kapu anafukuza kizibo! Kesho atakuomba na soda yake!"

Mtoto mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikata tete, ufito mwepesi wa kuvulia. Kaka zetu walivua kambale Mto Mkondoa kwa miti minene na kamba za katani, lakini nilijiambia kwamba samaki mwoga anataka vitu vyepesi. Nikachomoa uzi wa nailoni kwenye tairi bovu la trekta la kijiji, mwembamba kama unywele. Kikabaki chambo. Kizibo hakina ndoana. Beji ya chama ya baba ilikuwa na vyote viwili, uso unaong'aa na pini kwa nyuma. Baba alikuwa amekwenda Mikumi kumjulia hali shangazi, na beji ilikuwa kwenye koti lake la mikutano. Nikaikunja pini kwa jiwe. Nia yangu ilikuwa kuirudisha kabla ya magharibi.

Mchana ule watu walikuwa shamba la pamoja. Niliitupa, nikaiacha izame, nikaivuta polepole juu ya tope, nikaiacha tena. Moyo ulinienda mbio kwa kuogopa watu, si samaki. Mara tete likapinda mpaka ncha ikanywa maji. Nikavuta. Uzi ukakatika, maji yakatulia, nami nikabaki na ufito mkononi.

Kesho yake kulikuwa na mkutano, na mkubwa mmoja kutoka wilayani. Zile zilikuwa siku ambazo wazee waliohamishwa kutoka milima ya Vidunda walinung'unika chini chini, na kifua kisicho na beji kilihesabiwa kuwa ni kunung'unika pia. Baba alipapasa koti, akainua godoro, kisha akamwuliza mama kwa sauti ndogo, ambayo kwetu ilitisha kuliko ukali.

"Jana nani aliingia humu?"

"Kibwana. Alikusubiri, akanywa uji, akaondoka."

Ilitosha. Wote tulijua Mzee Kibwana aliutamani ubalozi. Mkutanoni mgeni alimtazama baba kifuani, akauliza kwa tabasamu, "Balozi, beji umeivua?" Watu wakacheka. Mimi nilisikia ule uvuaji mwingine, wa samaki, nusura nilie.

Mwezi haukuisha, Kibwana akawa balozi. Baba akaacha kukaa barazani kwake. Zuhura nami tukakatazwa kucheza pamoja, na sikuwahi kupata mwingine wa kuchangia kiazi.

Siku ya mavuno ya bwawa nilijitolea kupasua samaki wote. Nilipapasa kila tumbo, nikiomba niwe wa kwanza kuigusa. Haikuwamo. Mwenyekiti wa kijiji alinisifu kwa moyo wa kujitolea, nikapigiwa makofi.

Watoto wa siku hizi hawaujui woga wa namna ile. Ukimpa mpwa wangu ufito wa kuvulia, atauliza chaji inaingilia wapi. Akikosea, anatuma ujumbe wenye kikaragosi kinacholia, na kabla ya chakula cha jioni amesamehewa. Sisi kosa tulilifuga mpaka likazeeka nasi. Sijui walio na nafuu ni nani, ila najua waliolala usingizi.

Wiki iliyopita baba alinipigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lile bwawa limekauka siku nyingi, wanalima mpunga. Mkwe wa Kibwana amepiga jembe, ameibua beji yangu. Pini imekunjwa ndoana. Imefungwa uzi wa tairi. Na Kibwana tangu azaliwe hajavua hata dagaa."

Nilitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza haukuja.

"Ni mimi, baba."

Mara nikasikia mtu akikohoa kando yake, na sauti ya kizee ikasema, "Hebu nipe hiyo simu, Balozi."

"Shikamoo Baba Zuhura," nilisema.

"Marahaba. Radhi utakuja kuiomba hapa hapa barazani, mbele ya baba yako na Zuhura. Ila kwanza sema, maana tumebishana tangu asubuhi. Huyo kapu alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikanyoosha mikono yote miwili kumwonyesha, simu ikaniponyoka.