Majina Manne Kwenye Kibao cha Shaba

Picha ilikuwa kubwa kama mlango wa ghala, na Elimringi aliifuta vumbi kila Jumatatu kwa miaka kumi na saba. Ilitundikwa katika chumba cha vitabu cha klabu ya Wazungu wapanda farasi, pale Arusha. Ilionyesha uwanda wa Kisongo wenye majani makavu, farasi wa kahawia aliyetoa macho kwa hofu, mbwa wawili wa kuwinda, na kijana wa Kizungu anayepanda. Chini yake ameinama mtu mweusi, amemshikia kikuku cha tandiko apate pa kukanyaga. Fremu ilikuwa na kibao cha shaba chenye majina manne. Mzungu aliandikwa, Bwana Ludlow. Farasi aliandikwa, Sultan. Mbwa nao waliandikwa, Bella na Major. Aliyeshika kikuku hakuandikwa, na huyo alikuwa Naftali wa Nkoaranga, baba yake Elimringi.

Hakuna mwenye ugomvi na mbwa. Lakini mtu akikaa akapata nafasi ya kuandika jina la mbwa wa pili, akakosa nafasi ya jina la binadamu, huyo hakukosa nafasi. Alikosa kitu kingine, na kila msomaji anaweza kukitaja mwenyewe.

Yaliyochorwa yalitokea mwaka wa 1927. Siku hizo Wazungu walikuwa na mchezo wao wa kumkimbiza mbweha kwa farasi na mbwa, na Waarusha wa Kisongo walitoka na watoto wao kutazama na kucheka, maana mbweha haliwi, na hawa watu wazima ishirini wamevaa makoti mazito juani wanamfukuza tangu asubuhi. Naftali alikuwa saisi, mtunza farasi wa Ludlow. Siku ile mbweha aliingia korongoni, mbwa wakamfuata, na badala ya mbweha akatoka mbogo. Sultan aliruka, Ludlow akaanguka chini, na wenzake wote wakageuza farasi wao. Naftali peke yake alikimbilia kule kwenye hatari. Alimkamata farasi, akainama, akashika kikuku, akamsukuma bwana wake juu. Mbogo alimkuta mikono yake ikiwa bado kwenye kikuku.

Walimpandisha mlimani Nkoaranga kwa machela, wakamzika migombani kwake. Elimringi alikuwa na miaka tisa. Ludlow alileta blanketi moja na mfuko wa sukari, akasimama kidogo, akaondoka. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwepo siku ile, na aliyekuwa na kipawa cha kuchora, aliichora picha kwa muda wa miezi mitatu. Naftali alikuwa hajapigwa picha maisha yake yote, kwa hiyo uso wake haukuwa mahali pengine popote duniani ila mle klabuni.

Ndiyo sababu Elimringi alipomaliza shule ya misheni aliwaacha wenzake waliokwenda kutafuta ukarani, akaomba kazi ya kufagia klabu. Watu walimwona mjinga. Yeye alikwenda kumtazama baba yake.

Chumba kile kilijaa maandishi ya farasi na mawindo. Kulikuwa na vitabu vya kutibu farasi anayeumwa tumbo, vya kuruka viunzi, vya nyimbo za wawindaji, na daftari kubwa za klabu yenyewe, zilizoandikwa kwa mkono kila baada ya mawindo. Tatizo lilikuwa masika. Mvua za Meru zikianza, ukungu ulipanda juu ya majalada ya ngozi, na wadudu wakatoboa kurasa. Wanachama walikuja kunywa, wakaona, wakasikitika, wakaagiza kinywaji kingine.

Aliyempa Elimringi dawa ni Lesikar, Mwarusha aliyekuwa mlinzi wa mabanda ya farasi. Alimwonyesha mti ambao kwao huitwa oloirien, ule ambao akina mama hufukizia vibuyu vya maziwa kwa makaa yake.

"Maziwa yanakaa ndani ya kibuyu hicho siku nyingi, hayaharibiki," alisema Lesikar. "Karatasi ina nini cha kushinda maziwa?"

Tangu hapo, kabla ya kila masika na kila vuli, Elimringi aliweka makaa ya oloirien kwenye karai, akafunga madirisha, akasimamisha vitabu wazi sakafuni, akavipa moshi mwepesi, kisha akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu. Picha aliipa moshi kwa mbali, mgongoni tu, ili rangi isiharibike. Hakuna aliyemtuma. Wazungu walipenda harufu ya chumba kile, wakadhani ni ya ngozi nzuri ya Ulaya.

Mwaka wa 1953 ikaja barua kutoka Uingereza. Watu wa huko walikuwa wanajenga nyumba ya kuhifadhi vitabu na picha za farasi na mawindo ili visipotee, wakaomba kila klabu itoe ilivyo navyo. Akaja pia mgeni wao kuvikagua. Mgeni huyo alisema kwingine alikopita amekuta makombo ya mchwa, lakini hapa kurasa zilikuwa nzima kama za jana. Akauliza siri ni nini. Ludlow, ambaye sasa alikuwa katibu wa klabu na mwenye kitambi, alisimama na bilauri yake akasema siri ni hewa safi ya Arusha na bidii ya wanachama.

Elimringi alikuwa mlangoni ameshika sinia, na Kiingereza alikijua kuliko walivyofikiri. Alikasirika. Hata hivyo alimeza. Sifa za moshi aliwaachia, maana mtu hawezi kugombania moshi.

Lakini siku ya pili alisikia kwamba picha nayo inakwenda, na hilo hakulimeza. Baba yake angesafiri ng'ambo, atundikwe mbele ya watu wasiomjua hadi mwisho wa dunia, na chini yake waandikwe mbwa. Alimkuta Ludlow ofisini anasoma gazeti, akavua kofia.

"Bwana, naomba neno. Kabla picha haijaondoka, naomba jina la baba yangu liongezwe kwenye kibao."

"Baba yako nani?"

Miaka kumi na saba alikuwa akimpa mtu huyu chai, na mtu huyu hakujua. Elimringi alisema, "Naftali, Bwana. Yule aliyekushikia kikuku."

Ludlow alilaza gazeti, uso ukamwiva. "Ah, Naftali. Ilikuwa boi mzuri sana."

"Naomba jina lake, Bwana."

"Sikia, Elimringi. Hii picha ya farasi. Huko Ulaya watu hapana jua Naftali."

"Wanamjua Bella, Bwana?"

Ludlow alilichukua tena gazeti lake. Kisha akasema, "Bella mbwa ya klabu. Shauri imekwisha. Wewe funga sanduku."

Watu husema asante ya punda ni mateke. Wanamsingizia punda. Ludlow alipewa miaka ishirini na sita ya kula, kunywa na kunenepa, akaombwa neno moja la herufi saba, akaona ni ghali.

Elimringi alipanda njia ya Nkoaranga bila kusalimia mtu. Mkewe Tabea alikuwa anaanika kahawa, akamwona usoni, akaacha kazi. Alipokwisha kusikia habari yote alisema taratibu, "Baba Naftali, jina halijapotea. Tumempa mtoto wetu wa kwanza. Liko ndani linakula makande."

"Jina liko hapa, Mama Naftali. Uso ndio unaokwenda. Uso unaondoka bila jina, na sisi tunabaki na jina bila uso."

Tabea alitazama mikono yake yenye vumbi la kahawa. Alikuwa mpole kanisani na sokoni, lakini ndugu zake walikuwa wa Ngare Nanyuki, na mwaka wa juzi tu walikuwa wametolewa kwenye ardhi yao na nyumba zao zikachomwa moto ili Wazungu wapate malisho. Upole una mwisho wake. "Alipewa uhai," alisema, "akatuletea sukari. Sasa anakunyima hata wino. Usimwombe tena. Ukimwomba mara ya pili mimi nitaona aibu."

Hakumwomba tena. Kesho yake alizungushia picha blanketi, akailaza sandukuni juu ya majani makavu. Ludlow alikuja, akainua blanketi, akatazama, akatia sahihi kwenye orodha, akaenda kula. Elimringi alibaki peke yake na nyundo na misumari. Alimtazama baba yake mgongoni, palipoinama. Alitazama pia kibao. Kama hapakuwa na nafasi ya majina matano, basi manne nayo yalikuwa mengi. Alichukua bisibisi akafungua skrubu nne. Hakuwa na woga. Ilikuwa ni hasira ya tangu utotoni. Kibao alikitumbukiza katika kopo la misumari mibovu kwenye banda la farasi, akarudi akapigilia kifuniko cha sanduku, nalo likashuka Tanga kwa treni.

Miaka mitatu ikapita. Ludlow aliuza shamba akahamia kusini, hakuacha anwani ya maana. Klabu ikapata katibu mpya, kijana mwenye adabu zake, ambaye siku moja alimwita Elimringi ofisini akampa kiti. Kiti, klabuni pale, kilikuwa habari. Mkononi alikuwa na barua ya Uingereza. Wale watu wa nyumba ya kuhifadhi walikuwa wameitundika picha kwenye ukumbi wao mkubwa. Kila mgeni aliipenda, na kila mgeni aliuliza ni akina nani, nao hawakujua la kujibu. Walitaka kuweka kibao. Katibu alikuwa amewauliza wanachama wote. Wazee walikwisha kuondoka, na barua mbili alizompelekea Ludlow zilirudi.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyetunza chumba kile," alisema. "Unawajua hawa?"

"Nawajua wote, Bwana."

"Nitajie, niandike."

"Nitaandika mwenyewe," alisema Elimringi. "Kwa Kiswahili. Huko hawakosi mtu wa kuwasomea."

Aliandika Jumapili baada ya ibada, mezani, Tabea amekaa kando yake na watoto wamekatazwa kuitikisa meza. Jumatatu aliipeleka karatasi bila kuikunja. Katibu, aliyekuwa anajifunza Kiswahili, aliisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno.

"Aliyeshika kikuku ni Naftali wa Nkoaranga, mume wa Marta, baba wa Hanna na Elimringi. Alikuwa saisi, na mbogo alimwua pale pale anapoonekana ameinama. Farasi ni Sultan, alikuwa mwoga lakini hana kosa. Mbwa mwenye baka ni Bella, na yule mwingine ni Major, nao hawana kosa. Mzungu anayepanda ni mtu aliyeokolewa na Naftali."

Katibu aligeuza karatasi kuona kama nyuma pana neno jingine. Hapakuwa na kitu. "Na huyu Mzungu," aliuliza, "jina lake hulikumbuki?"

"Nalikumbuka, Bwana," alisema Elimringi, akamsogezea bahasha ili aitie karatasi ile.