Dunia Tuliyoitengeneza kwa Uji wa Ngano

Likizo ile ya Agosti, binti wa ndugu yangu aligoma kuzungumza na babake. Alikuwa na miaka tisa, na mgomo wake haukuwa wa kelele. Simu ikilia kutoka Uturuki, ambako ndugu yangu hutengeneza meli katika mji mmoja wa bandari, yeye huinuka polepole akaenda uani kugeuzageuza nguo zilizokwisha kukauka. Babake alikuwa amemwahidi kuja likizo hiyo, kisha mwajiri akamnyima ruhusa. Mtu mzima huelewa mambo hayo. Mtoto huelewa tu kwamba aliambiwa baba atakuja, na hakuja.

Mamake alikuwa akifanya kazi hotelini Bamburi, kwa hiyo mchana kutwa mtoto alishinda kwangu Kisauni, mimi nikishona sare za shule pale sebuleni. Nilimwonea huruma, na nisidanganye, alinikera pia. Mtoto aliyenuna hujaza nyumba nzima. Siku moja nikaiacha cherehani, nikamwambia tutatengeneza dunia.

Nilipika uji mzito wa unga wa ngano. Tukachana magazeti, tukavichovya vile vipande ndani ya uji na kuvibandika juu ya puto, tabaka juu ya tabaka, huku inzi wakija kwa wingi kuliko mataifa yote ya atlasi. Tulilianika siku tatu. Lilipokauka tukalitoboa puto, na dunia ikabaki imesimama yenyewe. Ilikuwa na kibonyeo kikubwa upande mmoja, tukaamua hapo ni bahari. Mabara aliyanakili kutoka atlasi yake ya shule, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, na katika Uturuki alikawia kuliko kwingine kote. Nilijifanya sikuona.

Kisha akaokota mabaki ya vitambaa vyangu, akakata miswala miwili midogo kama ukucha. Wa kijani ulikuwa wetu. Wa buluu, alisema bila kunitazama, ni wa Baba.

"Shangazi, niielekeze wapi?"

"Juu, kaskazini. Kwani mimi huswali nikielekea wapi?"

Huku kwetu, kaskazini hatuitafuti kwa dira. Ukitaka kuijua, simama pale unaposwalia, tazama mbele. Fundi akijenga, mtu akikuelekeza duka la mikate, atakwambia upande wa kibla, na umeshafahamu. Nimeishi zaidi ya miaka hamsini, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba upande huo unaweza kuwa mwingine kwa Mwislamu aliye kwingine.

Aliubandika ule wa kijani. Alipoushika wa buluu, akasita.

"Lakini Makka iko chini yake. Baba akielekea juu, ataipa mgongo."

Nikamwambia kaskazini ni kaskazini. Akaigeuza dunia, akaniwekea kidole juu ya Uturuki, akakishusha taratibu hadi Makka. Nikavaa miwani. Mimi ni mtu wa kushindwa polepole, kwa hiyo nikasema pengine ameichora Uturuki pabaya. Akaleta atlasi. Atlasi nayo ikawa upande wake.

"Basi muulize mwenyewe," nilisema kwa hasira. Wallahi sikuwa na hila yoyote. Nilitaka kushinda tu. Nikampigia ndugu yangu, nikamsukumia mtoto simu kabla hajapata pa kukimbilia.

Aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba."

Nikamsikia ndugu yangu akiitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Baba, wewe ukiswali waelekea wapi?"

"Kusini, mamangu."

"Kusini ndiko tuliko sisi."

"Ndiyo. Mbele yangu ni Makka, na mbele ya Makka, ukinyoosha moja kwa moja, ni nyinyi."

Alitazama kile kitambaa cha buluu kwenye kiganja chake. Niliona anavyofikiri, na moyo wangu ukaniuma kwa kumpenda.

"Na sisi twaelekea kaskazini," alisema. "Kwa hivyo twaelekeana."

"Twaelekeana."

"Kila siku?"

"Kila siku, mara tano."

"Adhuhuri huko yaingia saa ngapi?"

"Saa sita na nusu hivi."

"Na huku pia," alisema. Akanirudishia simu, akaenda kuubandika mswala wa babake, ukitazama chini. Mimi nilibaki nikimsikiliza mtu mzima akilia Uturuki, nikamwambia binti yake amekua.

Kesho yake adhuhuri ilipoadhiniwa, nilitandika mswala wangu, naye akautandika wake kando yangu, jambo ambalo kwa kawaida lilihitaji nimwite mara tatu. Nilipotaka kuanza akanishika mkono.

"Ningoje, Shangazi."

Akaenda mbele ya kioo, akaufungua mtandio na kuufunga upya, akageuza uso huku na huku kuhakikisha umekaa vizuri. Kisha akarudi akasimama, uso kaskazini aliko babake.