Damu Isiyoganda

Juzi nilikuwa chumbani kwangu hapa Nakuru nikiangalia filamu moja ya kijinga, ambamo mtu anang'olewa mkono kisha anauokota na kumpiga nao kofi aliyemng'oa. Rafiki ninayeishi naye alivumilia dakika kumi, akasimama, akaniuliza kama kweli nilisomea falsafa miaka minne ili nije nicheke utumbo wa plastiki. Nilitaka kumjibu kwa hoja. Mimi ni mtu wa hoja; sikubali kitu mpaka kinipe sababu zake. Lakini kilichonijia hakikuwa hoja, kilikuwa harufu: maziwa yaliyomwagika kwenye saruji, maji moto yenye magadi, na ukungu wa Dundori ukiingia chini ya mlango wa mabati.

Basi twende huko kidogo, wewe na mimi. Kila likizo ya Agosti mama alinipeleka kwa shosho, nyanya yangu, nikasaidie kuvuna viazi. Huko juu Agosti ni baridi ya kukata masikio. Chini ya shamba la shosho, kando ya barabara, kulikuwa na banda la maziwa. Wakulima walileta maziwa asubuhi na adhuhuri, karani akayapima, lori likayachukua. Jumamosi, lori la mchana likishaondoka, karani alifunga mlango, akaunganisha betri ya gari na TV ndogo yenye mgongo mkubwa, na banda likawa sinema.

Tiketi ilikuwa mtungi. Uliosha mtungi mmoja wa maziwa, ule mkubwa wa alumini, ukausugua mpaka ndani ya shingo, kisha ukampelekea karani. Yeye aliingiza pua ndani akavuta pumzi taratibu. Ukinuka hata kidogo unarudia, na picha inaanza bila wewe. Nimeosha mitungi mizuri sana maishani mwangu. Tukimaliza tuliipindua na kuikalia ikiwa bado na joto la maji, na hapo ndipo mahali pekee Dundori nzima ambapo makalio yangu yalipata joto mwezi huo.

Filamu zenyewe zilikuwa takataka, wala sisemi hivyo kwa kuzidharau. Zilitengenezwa mbali, na watu wasio na fedha wala aibu, katika lugha ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi. Niliyoipenda zaidi ilihusu saluni. Wafu nywele zao zimeendelea kuota kaburini, kwa hiyo wanatoka waje kunyolewa, na wakichoka na foleni wanawala vinyozi. Vichwa vinaviringika sakafuni. Damu inaruka mpaka kwenye dari, na inaendelea kuruka hata baada ya mwenyewe kutoka chumbani.

Karani alisimama kando ya TV na kijiti, akatutafsiria lugha asiyoijua hata neno moja. Kwake kila mfu alikuwa na kwao. Huyu mwembamba ametoka Kihoto, maji ya ziwa yameingia hadi kaburini, hakukaliki. Huyu mnene alikuwa anaelekea Kikopey kula choma, njaa ikampoteza njia. Na kile kichwa kilichokatwa kilipofumbua jicho pale sakafuni, karani alikisemea kwa sauti ya mteja aliyekasirika: "Boss, si nilikuambia usinitoe hapa juu sana?"

Sisi tulikuwa wakosoaji wakali. Kila Krismasi tulikinga sufuria chini ya shingo ya mbuzi na kukoroga damu kwa kijiti isigande, ili wanaume wapate ya kutengenezea mutura, ile soseji yetu ya damu na nyama. Huwezi kumdanganya mtoto wa namna hiyo. Matumbo ya kinyozi yakimwagika kwenye TV, mtu nyuma angesema kwa dharau, "Hayo ni ya mbuzi, na hata hawajayaosha." Damu yao ilikuwa nyekundu kama juisi ya stroberi, haigandi, haigeuki nyeusi. Na ni mimi niliyegundua kwamba yule mfu mkubwa kuliko wote pale saluni alikuwa na zipu mgongoni. Siwezi kukueleza furaha ya zipu ile. Dunia ya wakubwa ilijaa vitu vya kutisha ambavyo nilikatazwa kuvizunguka nione nyuma yake, na hiki kimoja nilikuwa nimekizunguka.

Ulimi hauna mfupa, shosho alizoea kusema, na wangu ulimponza karani. Jumapili moja mwalimu wa watoto kanisani alitufundisha juu ya ufufuo, nami nikainua mkono. Niliuliza kama mtu aliyekatwa kichwa atafufuka kikiwa kimerudi mahali pake ama atakibeba kwapani. Mwalimu akataka kujua nimeyatoa wapi maneno hayo. Nikamweleza yote, kwa fahari, na nikamwonyesha jinsi kichwa kinavyoviringika.

Kufikia Jumanne kina mama wa kanisa walikuwa jikoni kwa shosho wakinywa chai. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, na ufunguo wa banda ulikuwa wake kumpa mtu au kumnyang'anya. Nilikuwa mlangoni nikimenya viazi, nikawasikia wakisema kwamba karani anawafundisha watoto mambo ya shetani, tena si mtu wa huku, na afadhali ufunguo apewe kijana wa mmoja wao. Karani alilala katika chumba kidogo nyuma ya banda. Akinyang'anywa ufunguo angepoteza kazi na kitanda kwa siku moja, kwa sababu ya mdomo wangu. Kiazi nilichoshika nilikimenya mpaka kikabaki kama punje ya mahindi.

Na hakuwa na pa kurudi. Alikuja mwaka ule wa vurugu, watu walipofukuzana katika Bonde la Ufa kwa ajili ya kura na mashamba, na shosho akawafungulia wakimbizi banda walale. Karani aliondoka kwao na kaka yake, akafika kwetu peke yake, amevaa shati ambalo shosho alilichoma badala ya kulifua. Hayo hakuna aliyeniambia. Watoto huyaokota, neno hapa, neno pale, wakubwa wakidhani wamelala.

"Mimi sihukumu kitu sijaona," shosho aliwajibu kina mama. "Jumamosi nitaenda."

Jumamosi hiyo karani alivaa shati la kanisani na kuweka diski ya kwaya. Shosho alikaa kwenye kreti, mkoba mapajani. Wimbo wa kwanza haujafika katikati akasema, "Toa hiyo. Weka ile ya kila siku."

Akaweka ya saluni, kisha akanyamaza. Kijiti kilining'inia tu mkononi mwake. Sijawahi kuogopa namna ile tena. Bila sauti yake hakukuwa na Kihoto wala Kikopey. Kulikuwa na watu wanaokimbia na watu wanaowafuata na vitu vya kukatia. Zipu niliiona ikipita, haikunisaidia. Mtoto mmoja alianza kulia. Karani mwenyewe alikuwa ametazama ukuta.

"Mbona umenyamaza?" shosho akamwuliza. "Huyo anasema nini?"

Kichwa kilikuwa sakafuni, jicho wazi. Karani alikiinulia kijiti. "Anasema, boss, si nilikuambia usinitoe hapa juu sana."

Sote tulimtazama shosho. Aliinama mbele, akakaza macho. "Na kweli wamemtoa sana," akasema.

Hapo banda lilipasuka kwa kicheko, na karani akapata sauti yake, akaenda nayo mpaka mwisho. Picha ilipoisha shosho hakusimama.

"Hawa watu," akauliza, bila kumtazama, "wakimaliza, huyo wa kichwa anaamka?"

"Anaamka, shosho."

"Na yule aliyemkata?"

"Wananawa pamoja. Wanaenda kula."

Shosho alifungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Basi watoto wasitoke kabla hujawaambia hivyo," akasema, na akaenda zake kukamua ng'ombe.

Ufunguo ulibaki kwa karani. Kina mama waliambiwa tu kwamba mitungi hainuki, na kwamba mwenye neno aje aioshe yeye. Nimejiuliza mara nyingi kama shosho alielewa kitu ama alitaka tu kumshikilia karani mzuri. Hakurudi bandani tena kuangalia, na nilipomwuliza miaka mingi baadaye alisema hakumbuki picha yoyote. Lakini amri yake ilifuatwa. Kila Jumamosi, majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye TV, kwa herufi ambazo karani hakuweza kuzisoma, aliweka kijiti juu ya kila jina na kusema, "Huyu ameamka. Huyu ameamka. Huyu amesharudi kwao." Nasi tukangoja, hata wenye haraka ya kwenda kufungia ndama.

Sasa pale kuna tangi la chuma linalonguruma mchana kutwa, na maziwa hayajui tena mtungi. Karani alirudi kwao hatimaye, kwenye shamba la mzazi, na hatujamsikia tangu hapo. Shosho amezikwa juu ya mteremko. Watoto wa Dundori wana simu, kila mmoja yake, na humo huletewa ajali za barabarani zilizopigwa picha dakika hiyohiyo, damu ikiwa ya kweli, ikianza kuganda. Wanaangalia peke yao, wanapitisha kidole, inakuja nyingine. Hakuna majina mwishoni.

Mimi siamini mengi, na ufufuo bado nina maswali nao. Lakini filamu hizi za kijinga siachi hata moja kabla haijafika mwisho kabisa. Naketi, mistari ya majina ikipanda polepole, watu nisiowajua waliokatwakatwa kwa saa moja na nusu, na ninaweka kidole juu ya kila mmoja. Ninaowatafuta hawamo, najua. Naipitia orodha yote hata hivyo.