Barua Zisizo na Kichwa

Hyasinta Gati alikuwa na kanuni moja kazini, aliyojiwekea mwenyewe: barua ya mtu haitupwi kabla ya kusoma jina la aliyeituma. Aliishika miaka sita. Aliivunja kwa wiki mbili.

Alikuwa karani wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Musoma mjini. Siku hizo intaneti ya ofisi ilikuwa modemu ya kuchomeka na bando la kupimiwa. Barua pepe za chama zilingoja kwenye seva huko Dar es Salaam, kama mizigo inavyongoja kwa wakala wa basi, na ukizipakua zote bando lilikwisha kabla ya tarehe kumi. Kwa hiyo Hyasinta alitumia programu iliyomwonyesha orodha tu: nani kaandika, kichwa cha barua, ukubwa wake. Wauza dawa za nguvu, wajane wa matajiri wasiojulikana, bahati nasibu ambazo hakuna aliyezicheza, vyote alivifuta hukohuko Dar, visikanyage Musoma. Zilizobaki ndizo alizipakua.

Miongoni mwa zilizobaki zilikuwamo barua za wanavijiji. Wanachama wengi waliwapa watoto wao walio mbali anwani ya chama, naye Hyasinta alizichapa barua hizo, akazitia bahasha na kuandika jina la mwenyewe. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo, wala hakuwahi kuilalamikia.

Kila Alhamisi Mzee Masatu alikuja kutoka Butiama kuchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa ilikuwa kisingizio.

"Hiyo mashine yako imeninyima tena?"

"Mashine haina choyo, baba. Yusto ndiye hajaandika."

"Mkaidi yule. Karithi kwa mama yake."

"Kwa mama yake tu, baba?"

Mzee alicheka, akashika fimbo yake, akaondoka. Miaka minne alicheka hivyo. Mwanawe Yusto aliachiwa ng'ombe wa nyumbani, akawaacha peke yao na kukimbilia dhahabu ya Buhemba, watatu wakaibwa. Baba alimwambia asirudi. Kijana alitii kuliko alivyotarajiwa: alifika mpaka Zambia, akawa fundi wa magari, akanyamaza. Neno la hasira hutoka kwa dakika moja. Kulirudisha, Mzee Masatu hakujua aanzie wapi, ila aliacha anwani ya chama kwa kila aliyesafiri kwenda kusini, akiwaambia, "Mkimkuta, mpeni."

Mwaka huo barua taka zilizidi. Zilifika mia mbili kwa siku, na karani mwenzake alikuwa likizo ya uzazi. Hyasinta alikaa saa nzima kila asubuhi akisoma majina ya matapeli huku mtandao ukikatika, na wafugaji wamepanga mstari mlangoni.

"Mama Gloria," Prosper, daktari wa mifugo wa chama, alimwambia Hyasinta kwa jina la mwanawe, "unawasomaga mpaka wajinga hao? Utawapikia na chai?"

"Namtafuta mtu mmoja kati yao."

"Iamuru mashine ifute yenyewe. Angalia, karibu zote hazina hata kichwa. Mtu mwenye heshima zake anaandika barua bila kichwa?"

Aliangalia. Ilikuwa kweli. Akaandika amri: barua isiyo na kichwa ifutwe kwenye seva, isiorodheshwe. Kesho yake orodha ilikuwa na barua tisa. Hyasinta alikunywa chai ikiwa ya moto, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kuchoka. Lakini kanuni huwekwa kwa ajili ya siku ya kuchoka. Siku nyingine haihitajiki.

Alhamisi ya wiki ya pili Mzee Masatu alikuja kama kawaida. Hakuna kitu, baba, Hyasinta alimwambia. Mzee akasema Jumamosi hataonekana nyumbani, anakwenda mnadani Bunda kuuza beberu mkorofi.

Jumanne iliyofuata ilikuja barua yenye kichwa cha herufi kubwa: JIBU NIMELIPATA.

"Shikamoo dada wa ofisini. Mwambie baba nilikaa stendi ya Bunda Jumamosi tangu asubuhi hadi basi la mwisho la Mwanza. Niliandika kwamba asipokuja nitaelewa. Nimeelewa. Sitamsumbua tena. Yusto."

Hyasinta alifungua daftari la programu, mahali ilipoandika ilichofuta. Lilihifadhi majina na tarehe tu. Barua zenyewe hazikurudi. Katikati ya matapeli, Jumatatu ya wiki iliyotangulia, lilikuwamo jina la Yusto. Ukubwa: mdogo. Kichwa: hakuna. Alielewa mara moja. Kwa kina Masatu jambo zito halisemwi mlangoni. Mgeni huketi kwanza, hunywa, ndipo huulizwa. Kijana aliacha kichwa wazi kwa adabu aliyofundishwa na baba yake.

Hakungoja Alhamisi. Alifika Butiama mchana uleule. Mzee alikuwa akifunga boma. Akaacha miiba na kuita kiti.

"Sitaketi, baba. Nikiketi sitasema. Yusto aliandika. Barua niliifuta mimi."

Alimweleza yote, amesimama. Mzee Masatu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa ndefu?"

"Ndogo, baba. Mistari kumi labda."

"Na Jumamosi hiyo nilikuwa Bunda," alisema mzee. "Niliuza beberu, nikanywa soda pale ng'ambo ya stendi." Akatazama mikono yake. "Soda mbili."

Kisha akasema, "Sasa keti, binti yangu. Umetoka mbali."

Jioni hiyo Hyasinta alimwandikia Yusto, kichwa kikiwa *Kosa ni langu*. Yusto hakumsadiki, alidhani karani anamfunikia mzee aibu. Hyasinta aliandika tena, mwezi baada ya mwezi, akimweleza habari za boma, za ng'ombe, na za soda mbili. Ile amri aliifuta siku ileile, akarudi kusoma majina moja moja. Prosper hakumtania tena. Ofisini hakuna ambaye angejua, lakini aliwaambia mwenyewe.

Yusto alikuja baada ya miezi kumi na minne, naye baba yake, aliyekwisha kukonda, alikwenda kumpokea stendi ya Bunda. Mzee Masatu alifariki miezi mitatu baada ya hapo. Asubuhi chache za chai ya moto zilimgharimu mzee huyo miezi kumi na minne kati ya kumi na saba aliyokuwa amebakiza na mwanawe.