Kuku wa Arobaini ya Mama

Supu ya kuku ikichemka na pilipili manga, wengine hutokwa na mate. Mimi hubanwa na kifua. Jirani yangu amejifungua majuzi, na tangu asubuhi harufu hiyo inapanda ngazi mpaka mlangoni kwangu, basi leo mtanivumilia.

Nilikulia Mtongwe, mtoto peke yangu. Nyanya, mamake Mama, alipopata habari kuwa binti yake ana mimba tena baada ya kungoja kwa miaka, hakupiga vigelegele. Aliuliza tu kama tuna kuku anayetaka kulalia. Kwetu kuku wa uzazi huanza kulelewa mapema, ili mtoto akizaliwa pawe na supu ya kumrudishia mzazi nguvu katika zile siku arobaini anazokaa ndani.

Kuku alikuwepo, kishingo mmoja mwenye shingo tupu na roho mbaya. Nyanya alitandika majani makavu ndani ya karai bovu pale jikoni, akatia kipande cha mkaa ili radi isiyaharibu mayai, kisha akaniita mimi niyapange. Mkono wa mtoto una baraka, alisema. Mama hakuruhusiwa hata kuchungulia. Niliyapanga huku nimebana pumzi, na shukrani niliyopewa na kishingo ilikuwa kudonolewa vidole.

Vifaranga walipototolewa nilijiona mimi ndiye niliyewatotoa. Niliwalisha machicha ya nazi na chenga za mahindi, nikawafukuzia mwewe kwa kugonga kopo, nikawa mchelewaji wa kudumu kwenye chuo cha Kurani. Kishingo naye hakulala kazini. Alimkimbiza hata muuza maji, mtu mzima na mkokoteni wake, naye asiweze kuokota hata kokoto, maana kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Mama alikuwa akikaa kizingitini na tumbo lake, akicheka mpaka anajishika kiuno. Kila jioni alinionyesha yupi anayenona.

Mtoto alizaliwa ameshakufa. Alikuwa mvulana. Baba na wanaume wa mtaani walimzika, na Mama akarudi kutoka hospitali mikono mitupu, akalala ameelekea ukutani. Hakula. Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani, nikadhani ni jasho, nikachukua upepeo nikawa nampepea. Sikujua kwamba maziwa hayapelekewi habari za msiba. Niliogopa sana, niliamini kabisa kwamba Mama naye anakufa.

Shangazi, dadake Baba, alikuja kutupikia. Siku ya pili alimkuta Nyanya akitoka uani na jogoo mwekundu, yule aliyenona kuliko wote.

"Mama, mtoto hayuko," akamwambia kwa sauti ya chini. "Uzazi wa nini tena? Watu watatucheka."

"Mimba kaibeba, uchungu kauona, na damu yamtoka," Nyanya akajibu. "Wewe wataka azae vipi?" Kisha akanigeukia mimi. "Mpeleke kwa Mzee Bakari akuchinjie."

Niliitika abee, nikampokea jogoo. Nilikuwa na hoja yangu, ingawa hakuna aliyeniuliza: kuku walikuwa wa mtoto, mtoto hakuja, basi walikuwa wangu. Nilimbeba jogoo kwapani, moyo wake ukinidundia ubavuni, nikalia njia nzima huku nikimchukia Nyanya. Mzee Bakari, jirani aliyekuwa akituchinjia siku zote, alinitazama tu, akachinja, akaniosha damu iliyonirukia mguuni.

Mama alilisukuma bakuli la supu. Nyanya hakumlazimisha. Alimgeuza taratibu, akamkanda tumbo kwa mafuta, akamfunga mkaja kiunoni, ukakaza barabara, kama anavyofungwa mzazi yeyote. Halafu akalishika tena lile bakuli.

"Kunywa, mzazi."

Hapo ndipo Mama alipolia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake wala kwa mtu mwingine. Alilia mpaka Shangazi akatoka nje. Kisha akanywa.

Arobaini yote Nyanya hakuipunguza hata siku moja. Kuku wangu wakaisha mmoja mmoja, nami nikasusa nyama, na kwa miaka mingi nikamwona Nyanya mzee mkaidi tu, aliyeshikilia mila hata pasipo na sababu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipokumbuka maneno ya wageni waliokuja kutupa pole. Wote walimwambia Mama asahau, Mungu atampa mwingine. Walisema kwa wema, lakini walisema kana kwamba hakuna mtu aliyekuja akaondoka. Ni Nyanya peke yake aliyemtendea kama mwanamke aliyezaa.

Mama hakupata mwingine. Mpaka leo mtu akimwuliza ana watoto wangapi, hujibu wawili, nami nikiwa kando yake simsahihishi.